Baraza la Watu Kumi na Mmoja

Mji wetu wa Limnaia ulitawaliwa na watu tuliowaita Thelathini, ingawa katika umri wangu wote hawakuwahi kufika hata ishirini. Zamani za mababu zilikuwa nyumba thelathini zenye farasi. Nyumba hizo zikaoana zenyewe kwa zenyewe, nyingine zikakosa watoto wa kiume, nyingine zikamalizikia vitani, lakini jina halikupungua. Ukiuliza nani kaamua hivi au vile, unaambiwa, "Thelathini wameamua," hata kama walioamua walikuwa watu kumi na watatu na mmoja wao alikuwa amelala.

Shemeji yangu Kafisias, mume wa dada yangu Dorkis, hakuwa wa nyumba yenye farasi. Alikuwa muuza mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Kandokando ya ziwa lote la Kopais hakuna aliyewahi kuuza mikunga kama yeye. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana na sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya soko bila kupandishwa. Mteja alikuwa akija kutafuta mkunga mmoja mwembamba wa mchuzi, anaondoka na watatu wanene, na bado anashukuru. Mimi, Evfamo, nilikuwa mjane mdogo niliyekaa nao, na kazi yangu ilikuwa kuwafungia wateja mikunga kwa majani ya bitiruti.

Upande wa mashariki wa ziwa kuna shimo kwenye mwamba ambalo maji huingia na kupotelea chini ya ardhi. Sisi huliita Koo. Koo likiwa wazi, ziwa linakaa mahali pake. Likizibwa na magogo na matope, ziwa linapanda mashambani. Mwaka mmoja liliziba, na mashamba yote ya chini yakazama pamoja na shayiri yake. Wavuvi walihamisha vibanda vyao mara tatu katika majira yale ya baridi.

Kafisias akaenda barazani kuwaeleza. Nilifuatana naye. Lakini mtu wa sokoni haruhusiwi kuvuka kizingiti cha baraza, hivyo tulisimama nje, na maneno yake yakawa yanachukuliwa ndani na mpiga mbiu, mzee Potamon, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kumhama.

"Waambie Koo limeziba," Kafisias akasema. "Watu hamsini wenye majembe wanaweza kulizibua kwa siku ishirini. Ila magogo ya kushikilia mwamba yako kwenye msitu wa waheshimiwa, kwa hiyo tunaomba ruhusa."

Potamon akaingia. Akakaa kidogo, akatoka.

"Baraza linauliza, koo la nani linauma?"

"La ziwa, Potamon. Koo la ziwa."

Akaingia tena. Safari hii alikaa zaidi, na tukasikia watu wakicheka ndani, kicheko cha kawaida tu, cha watu wanaofahamiana tangu utotoni. Akatoka.

"Baraza limesikia."

"Limesikia, halafu?"

"Halafu hakuna. Limesikia."

Tulipofika nyumbani Kafisias akanawa mikono, akakaa, akamwambia dada yangu, "Nitaingia mle ndani nizungumze kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Utaingiaje?" Dorkis akamuuliza. "Lile jiwe la mlangoni linasema nini?"

Sote tulijua linachosema. Mwenye ardhi na ngao anaweza kuitwa barazani, ila tu awe amekaa miaka kumi bila kuuza kitu sokoni. Ardhi Kafisias alikuwa nayo, ngao pia, tena ya shaba. Kilichomzuia ni biashara.

"Basi nitakaa miaka kumi."

"Wewe? Wewe hata ukiwa na homa unaliota soko. Unaita wateja usingizini, mimi nakusikia."

"Evfamo atauza. Mwanamke haitwi barazani, kwa hiyo hakuna anayemhesabia miaka."

Ndivyo nilivyopata meza ya mikunga, jioni ile ile, kati ya chakula na kulala.

Miaka ile kumi wengine wataisimulia kama miaka ya uvumilivu. Mimi niliyekaa naye nyumba moja nasema ilikuwa miaka ya kelele. Mtu aliyezoea kuuza hawezi kuacha kuuza kwa sababu ameacha soko. Alikuwa akimuuzia dada yangu dengu zake mwenyewe. "Tazama dengu hizi, mama, tazama zilivyolingana," na Dorkis anamjibu, "Nimezinunua mimi jana, toka jikoni." Mbwa wetu alishawishiwa kukubali mfupa ambao tayari ulikuwa wake. Nikirudi jioni aliniomba nimpe mikono yangu ainuse.

"Leo mmepata mikunga wa kwenye matete," alisema. "Wa matete hawauzwi asubuhi, shemeji, wanauzwa jua likishapanda, ngozi inang'aa. Umeanza na wepi?"

"Nimeanza na wa matete."

"Ee Mungu wangu."

Sokoni hakukanyaga. Akitaka kwenda upande wa pili wa mji alizunguka kwa watengeneza ngozi, kwenye ule uvundo, akarudi amekunja pua. Lakini kwenye kona ya soko kuna jiwe la mpaka, linalofika magotini, na sheria inaanzia hapo. Alikuwa akija kusimama upande wa nje wa jiwe, mikono nyuma, anasikiliza tu. Watu walimzoea. Walimsalimu wakipita, "Vipi Kafisias, imebaki mingapi?" naye anajibu mwaka na mwezi na siku bila kufikiri.

Koo lilikuwa likiziba na kuzibuka nusu lenyewe, na kuziba tena. Mashamba ya chini yalilimwa mwaka mmoja na kuzama miwili.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka wa kumi, baraza lilikuwa limebaki na watu kumi na wawili, na kumi na wawili ndiyo idadi ya chini kabisa ya kuamua jambo lolote. Kisha mzee mmoja wao akaanguka kutoka kwenye farasi wake akiwaonyesha wajukuu namna ya kupanda, akafa akiwa na miaka themanini na mitatu, naye alikuwa amezaa mabinti tu. Wakabaki kumi na mmoja. Vijana wa nyumba zile walikuwepo, lakini baba akiwa barazani mwanawe haruhusiwi, na kina baba wote walikuwa na afya njema. Mwezi mzima baraza halikuweza kuamua hata siku ya kuchinja ng'ombe wa sikukuu.

Ndipo Mheshimiwa Theoteles alipokuja nyumbani kwetu. Alikuwa mkuu wao, mrefu, mweupe wa nywele, mwenye adabu nyingi. Sijui kama alikuwa amewahi kuingia nyumba ya mtu asiye na farasi. Alitazama juu ya mlango kabla ya kuinama, kana kwamba nyumba zetu huenda zina desturi nyingine ya milango.

"Zimebaki siku ishirini na moja," alimwambia Kafisias. "Tunakuhesabia."

"Mimi pia najihesabia, Mheshimiwa."

Dorkis alimletea mkate wa shayiri, zeituni na divai iliyochanganywa na maji. Akala vizuri. Mume wa dada yangu hakuweza kujizuia.

"Nikuulize jambo moja, Mheshimiwa, maana nikishaingia ndani nitaogopa kuuliza. Kwa nini wachache?"

Theoteles hakukasirika. Nadhani alilifurahia swali. "Kwa sababu wachache wanaelewana. Nenda Athene ukaone. Maelfu wanakaa kilimani kutwa, kila mtu anapiga kelele, jioni wanapiga kura kinyume cha walichopiga jana. Sisi tunakaa saa moja tunamaliza. Sikumbuki siku tuliyobishana."

"Hamjabishana kwa sababu mashamba yenu yote yako juu."

"Yako juu, ndiyo. Kwani?"

"Hakuna hata mmoja wenu ambaye maji yamewahi kuingia kwake. Mngebishana juu ya nini?"

Mzee akashika kikombe bila kunywa. Nilimwona akifikiri kweli. Halafu akasema polepole, "Hatukatai mtu kwa kuwa maskini. Tunamkataa muuzaji kwa kuwa muuzaji kila siku anatazama faida yake. Anayetawala lazima asiwe na shida."

"Asiye na shida atajuaje shida?"

"Ndiyo maana tunakutaka wewe," Theoteles akajibu, akacheka, na Kafisias akacheka pia. Alipoondoka, dada yangu alisema yule mzee si mbaya, ila amelelewa ndani ya sanduku.

Siku tisa kabla ya miaka kumi kutimia, wavuvi walileta mikunga wengi kuliko tulivyowahi kuona. Ziwa lilikuwa limepanda na mikunga walikuwa wamejaa mashambani, kati ya mabua ya shayiri. Meza yangu ilijaa, makapu yalijaa, na jua lilikuwa kali. Mikunga wa kiangazi wasipouzwa kabla ya saa sita wanatupwa.

Wanunuzi wa jumla walikuwa wanne, na mkubwa wao alikuwa Smikros, kutoka Athene, kijana mnene anayezungumza puani. Alizunguka meza yangu, akainama, akanusa.

"Hawa wananuka tope, mama."

"Wametoka ziwani. Ulitaka wanuke waridi?"

"Nitakupa nusu ya bei ya juzi."

Nikamgeukia wa Megara. Naye akasema nusu. Wa tatu, nusu. Wa nne alikuwa anatazama viatu vyake, lakini naye alisema nusu. Hapo nikajua wamekubaliana njiani. Wavuvi walikuwa wamesimama nyuma yangu, wake kwa waume, miguu yao ikiwa na matope mpaka mapajani. Wote walijua jua linavyokwenda.

"Kwetu Athene," Smikros akaendelea, "kila mtu ana haki ya kusema, hata mimi. Kwa hiyo nasema. Nusu. Saa moja ijayo nitasema robo."

Mimi si mbovu wa kuuza. Miaka kumi niliishika meza ile na hatukulala njaa. Lakini siku hiyo nilianza kuhesabu makapu ya kuwapa kwa nusu.

Sikumwona akivuka. Nilichosikia ni ile sauti, sauti ambayo soko halikuisikia kwa miaka kumi, ikitokea karibu na sikio langu.

"Nani anasema wananuka tope?"

Kafisias alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono ya vazi imekunjwa. Alichagua mkunga mmoja mnene, akamwinua, akamweka mikononi mwa Smikros. "Mshike, bwana. Mshike kwa mikono miwili. Aliyekaa kwenye tope hana nguvu, atatulia tu."

Mkunga yule hakutulia. Alipita kati ya vidole vya Smikros, akaingia kifuani mwa vazi lake, na yule kijana akaanza kuruka huku na huku mbele ya watu wote, akijipiga tumbo. Soko zima likaja kutazama, jambo ambalo Kafisias alilitaka.

"Mnaona afya hiyo?" aliwaambia. "Huyo ameshuka mwenyewe kwenye shamba la shayiri, akala shayiri. Nyumba gani ina wageni leo? Wewe, mama Aristo, mwanao anaoa keshokutwa, utawapa wakwe zako dengu? Chukua hawa wawili. Hapana, usichague, nimeshakuchagulia, nakujua jino lako." Kisha akamgeukia wa Megara kwa sauti ya chini, ambayo hata hivyo kila mtu aliisikia. "Ndugu yangu, mwenzako huyu ana mkokoteni wa nyumbu wanne. Wewe una punda. Yeye akinunua kwa nusu atafika sokoni kabla yako na atauza kwa nusu. Wewe utauza kwa nani?"

Wa Megara alitazama punda wake. Akapandisha bei. Wa tatu akapandisha juu ya wa Megara. Smikros, ambaye alikuwa bado anamtafuta mkunga wake, akapiga kelele kwamba walikuwa wamekubaliana, na soko likaangua kicheko, maana amejisema mwenyewe. Jua halijafika utosini, meza ilikuwa tupu, makapu yalikuwa matupu, na Smikros alikuwa amelipa zaidi ya bei ya juzi, pamoja na yule wa kifuani.

Uso wa Kafisias ulikuwa unang'aa kama wa bwana harusi. Akafuta mikono kwenye jani la bitiruti. Kisha mfinyanzi Onasimos, mwenye meza jirani, akasema taratibu, "Kafisias. Siku tisa."

Shemeji yangu alitazama mikono yake, akalitazama jiwe la mpaka kule kwenye kona, akarudi kuitazama mikono.

"Ni kweli," alisema. "Zilikuwa tisa."

Habari ilifika barazani kabla hatujafika nyumbani. Alasiri ile ile Potamon alitumwa sokoni kuuliza nani alimwona Kafisias akiuza. Onasimos alisema yeye alikuwa akitazama tanuri lake. Mtengeneza ngozi alisema alikuwa akitazama mawingu. Mama Aristo, akiwa na mikunga wawili mkononi, alisema amewaokota. Hakuna hata mmoja aliyeona. Ukiwa na watu kumi na mmoja wanaohitaji wa kumi na mbili, na soko zima linalomtaka huyo wa kumi na mbili aingie, ushahidi unakuwa mgumu sana kupatikana.

Tatizo lilikuwa Kafisias mwenyewe. Alikwenda hadi kwenye kizingiti cha baraza, nami nikamfuata, akamwambia Potamon, "Waambie niliuza."

Potamon akaingia, akatoka. "Baraza halijasikia."

"Niliuza," Kafisias akasema kwa nguvu zaidi, na sauti yake haikuhitaji Potamon.

Potamon akaitwa ndani. Kisha akatoka tena. "Baraza linauliza, je, haikuwa zawadi?"

"Zawadi? Kwa bei ile? Waambie ile ilikuwa biashara bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na mtu akiniambia ilikuwa zawadi amenitukana."

Ndipo Theoteles akatoka mwenyewe. Alikuja mpaka kwenye kizingiti, yeye ndani, sisi nje. "Kafisias, baba, tunajaribu kukusaidia. Wewe sema tu hukuuza."

"Mheshimiwa, nikianza kazi ya kutawala kwa kusema uongo ambao mji mzima unaujua, nitaimalizaje?"

Mzee alirudi ndani. Tulikaa nje kwenye ngazi mpaka vivuli vikarefuka, na dada yangu Dorkis akaja akiwa na hasira na kapu la mkate. Mwishowe Theoteles akatoka, safari hii akiwa na fundi wa kuchonga mawe.

"Tumepata njia," alisema. "Sheria inasema miaka kumi. Tutafanya iwe siku kumi. Neno moja tu kwenye jiwe."

Dorkis ndiye aliyeuliza. "Samahani, Mheshimiwa. Baraza lisilotimia watu kumi na wawili linaweza kubadili sheria?"

"Haliwezi, binti yangu."

"Sasa?"

"Sasa mwenye malalamiko atayaleta barazani. Na baraza haliwezi kuyapokea, kwa kuwa halijatimia." Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda yule mzee. Fundi akaanza kugonga.

Ambalo hawakulifikiria ni kwamba jiwe liko mlangoni na kila mtu hupita pale. Asubuhi iliyofuata Onasimos hakufungua meza yake. Alikaa nyumbani, amekunja miguu. Mtengeneza ngozi hakufungua. Muuza mafuta ya zeituni hakufungua, wala muuza makaa, wala wawili wa nguo. Wote walikuwa na ardhi, wote walikuwa na ngao. Kwa siku kumi Limnaia haikuwa na mafuta wala makaa, tukala vitu vibichi na kulala mapema, na ukimgongea mtu dirishani kumwomba japo kibaba cha mafuta anakujibu kutoka ndani, "Mimi siuzi, mama, mimi ni mheshimiwa mtarajiwa." Alikuwa anafurahi tu.

Kafisias alikaa siku tano. Ya sita nilifika mezani alfajiri nikamkuta ameshapanga mikunga, wa matete nyuma, wa ziwani mbele.

"Shemeji," nilimwambia. "Zimebaki tano. Tano tu. Umekaa miaka kumi."

"Najua."

"Dada atakuua."

"Ameshanijua. Niliondoka akiwa macho, akageukia ukutani." Alinyunyiza maji juu ya kapu. "Evfamo, nilidhani nautaka ule ukumbi. Nilichokitaka ni Koo lizibuliwe. Onasimos ana shamba la chini. Mtengeneza ngozi ana shamba la chini. Wataingia watu sita, na watano wao wamewahi kuhamisha kitanda juu ya paa. Wananihitaji mimi wa nini? Mimi nimechoka kumwuzia mbwa."

Nilimwuliza jambo ambalo lilikuwa likinikaa rohoni. "Na mimi? Nimeishika meza hii miaka kumi. Shida zote mnazozungumza nimezibeba kichwani. Jiwe linasema nini juu yangu?"

Alianza kucheka, kisha akaona sicheki. Akaacha. "Halisemi kitu," alijibu. "Halijafika huko."

"Basi lina nafasi tupu," nilisema, nikachukua majani ya bitiruti. Tangu siku ile mapato ya meza tuligawana sawa, na hakusubiri nimwombe.

Siku ya kumi na moja waliingia barazani watu sita wapya. Walikuwa kumi na saba sasa. Onasimos alitusimulia baadaye kwamba walibishana tangu asubuhi mpaka wakaletewa chakula mara mbili, na kwamba mzee mmoja, aliyekuwa na desturi ya kulala, alikaa macho kutwa nzima na akasema hajawahi kufurahi hivyo. Theoteles aliumwa kichwa. Hata hivyo, wakati wa kuhesabu mikono, aliinua wake pamoja na wengine, na akatoa magogo kutoka msitu wake mwenyewe.

Kazi ilichukua siku ishirini na sita. Wavuvi walipiga mbizi, wachimbaji walikuwa wamefungwa kamba viunoni, na farasi wa Thelathini, waliokuwa hawajawahi kuvuta kitu kizito kuliko mtu mmoja, walivuta magogo wakiwa na nyuso za kuudhika. Maji yalipopata njia tulisikia mngurumo kutoka ndani ya mwamba, kisha ziwa likaanza kwenda. Watu walisimama ukingoni wakiangalia mashamba yao yakitokea mstari kwa mstari, meusi, yanayong'aa, na watoto wakikimbia humo kuokota samaki waliosahaulika.

Kama mwezi mmoja baadaye, asubuhi yenye watu wengi, niliona umati unapasuka katikati. Mheshimiwa Theoteles alikuwa anakuja, peke yake, bila mtumwa, akipita kati ya meza kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kununua hakujawahi kukatazwa kwao, lakini walikuwa na watu wa kuwanunulia. Alifika mezani kwetu, akasimama.

"Nataka mkunga," alisema.

Kafisias akamwonyesha mmoja, akataja bei, bei ya juu ya kutisha, maana ndiyo desturi ya kuanzia. Theoteles akafungua mkono na kuanza kutoa fedha.

"Hapana," Kafisias akasema, ameumia kweli. "Hapana, Mheshimiwa. Si hivyo."

"Umetaja bei, nami ninalipa. Nimekosea wapi?"

"Unatakiwa ukatae."

"Lakini ninamtaka."

"Unamtaka, ndiyo, na unakataa. Unasema ni mwembamba. Unasema umeona mzuri zaidi kule. Kisha mimi naumia, unaona? Kisha unaondoka hatua mbili, nakuita."

Mzee akamtazama yule mkunga kwa muda mrefu. Watu walikuwa wameshakusanyika, na mama Aristo alimnong'oneza kutoka nyuma, "Mwambie ananuka tope."

"Ananuka tope," Theoteles akasema, kwa aibu.

"Ananuka nini?" Kafisias akajibu, na sauti yake ikafika ng'ambo ya soko, imejaa furaha. "Mzee mzima, huoni haya? Haya, ondoka. Hatua mbili."

Theoteles akaondoka hatua mbili. Akasahau kusimama, akaenda ya tatu na ya nne, na ilibidi mimi nikimbie kumrudisha.